Barabara ya Kayna inaanzia kwenye karatasi



Watu wa Kayna wakizungumza barabara ya taifa namba 2, wanazungumza matope, malori yaliyolala njiani na bei ya chumvi. Mimi nafanya kazi ya sheria za kontra za ujenzi, njo maana nawaletea historia ya karatasi.

Kwa muda mrefu kazi za Leta zilifuata sheria ya tarehe 5 Desemba 1969, ya wakati wa Mobutu, mbele hata nchi iitwe Zaire. Ilidumu zaidi ya miaka 40. Kisha ikaja sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010. Hii ilitenganisha mikono: mwenye kutoa kazi anatayarisha zabuni, DGCMP inakagua, ARMP inachunga kanuni. Kanuni kubwa ni kutangaza kazi ili makampuni yashindane. Gre a gre, yaani kupatana na kampuni moja tu, iko, lakini inaomba ruhusa. Aliyeonewa anaandikia kwanza mwenye kutoa kazi. Asiporidhika, anapanda ARMP.

Tarehe 16 Juni 2021 marais Tshisekedi na Museveni walizindua kazi ya barabara za Congo na Uganda, kilomita 223: Kasindi–Beni 80, Beni–Butembo 54, Bunagana–Rutshuru–Goma 89. Hesabu vizuri: kati ya Butembo na Rutshuru hamna kitu. Sisi wa Kayna tuko katikati palepale. Kilomita isiyoandikwa kwenye kontra, hakuna wa kuidai.

Sasa, mtoto wa kwetu anaingiaje katika kazi hizi? Mara mingi anapewa kipande na kampuni kubwa: mawe, mchanga, mifereji. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 iliwekea kazi za namna hiyo Wacongomani, kampuni zenye mtaji mkubwa mikononi mwao. Lakini huku kwetu wengi bado wanapatana kwa mdomo, "tutaonana mwisho wa mwezi". Mwezi unaisha, mkubwa wa shantie amehamishwa, simu haipite tena.

Mwisho wa Juni 2024 Kanyabayonga na Kayna zikaingia mikononi mwa M23. Vita inaweza kusimamisha kazi, na sheria inaelewa hilo: ni nguvu isiyozuilika. Lakini haifuti deni la kazi iliyokwisha kufanyika. Swali linabaki moja: nani atahakikisha ulimwaga safari ngapi za mchanga?

Kwa hiyo, mwenye ndugu kwenye shantie amwambie: kontra iandikwe hata kama ni ukurasa mmoja; kila vipimo viwekwe sahihi siku ileile; kopi moja ilale mbali na shantie. Kazi ikisimama, aandike barua haraka kueleza sababu na tarehe. Amani ikirudi, atakayelipwa kwanza ni yule aliyekimbia na karatasi zake.