Tauni ya Mwaka 1902 na Lawama Iliyobebeshwa Wahindi

Tauni, maradhi ya bakteria ambayo viroboto huyatoa kwa panya na kuyaingiza mwilini mwa binadamu, ilizuka Nairobi mwaka 1902, miaka mitatu tu baada ya reli kufika huko, na wakuu wa serikali ya kikoloni wakaamuru bazaa ya Wahindi iteketezwe kwa moto. Bazaa hiyo ilikuwa imesongamana kwenye ardhi ya majimaji isiyo na mitaro ya kuondolea uchafu, hali iliyotokana zaidi na upangaji mbovu wa mji kuliko mila za wafanyabiashara walioishi humo. Daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alikuwa amekwisha kueleza dhima ya kiroboto mwaka 1898, lakini wengi walimpuuza, na Mhindi akaendelea kutazamwa kana kwamba yeye ndiye chanzo cha maradhi.

Dhuluma kubwa zaidi ilikuja baada ya moto kuzimika, pale hofu ya ugonjwa ilipogeuzwa kuwa sera. Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa kuchunguza usafi wa miji ya Afrika Mashariki mwaka 1913, alipendekeza utengano wa makazi, yaani kila rangi ipewe mtaa wake, na pendekezo hilo halikuihusu Nairobi peke yake.

Wahindi hawakunyamaza. Walijenga upya maduka yao, wakaandika malalamiko, na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, Mhindi wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, aliyapeleka hadi London. Mwaka 1914 wakaunda chama chao cha kisiasa cha Afrika Mashariki nzima. Waraka wa Devonshire, tamko la sera la serikali ya Uingereza la mwaka 1923, uliiacha sera ya kutenga makazi mijini, ingawa nyanda za juu zilibaki mikononi mwa Wazungu, na Mwafrika, mwenye ardhi yenyewe, hakurudishiwa alichonyang'anywa.

Lawama ya namna hiyo ilirudi Februari 2020, wakati wa hofu ya korona, ndege kutoka China ilipotua Nairobi ikiwa na abiria 239, na Wachina waliokuwa wakiishi nchini wakatukanwa na kutishiwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Kenya, tarehe 13 Machi, alikuwa Mkenya aliyerejea kutoka Marekani kupitia London.