Gereza la Seodaemun
Mwaka jana nilikwenda na rafiki yangu Mjapani kwenye makumbusho ya Seodaemun, mjini Seoul. Zamani lilikuwa gereza, lilifunguliwa mwaka 1908. Wajapani waliwafunga humo Wakorea waliodai uhuru. Yu Gwan-sun, msichana aliyeandamana mwaka 1919, alifia humo mwaka uliofuata, akiwa na miaka 17 tu.

Katika chumba kimoja kuta zimejaa picha za wafungwa. Rafiki yangu alisimama hapo muda mrefu bila kusema neno. Nilitaka kumwambia kwamba yeye hana kosa, lakini nilikuwa na hasira, nikanyamaza.

Kisha tukafika kwenye nyumba ndogo ya mbao ya kunyongea watu. Gereza liliendelea kutumika mpaka mwaka 1987, na humo, tarehe 9 Aprili 1975, serikali yetu sisi Wakorea iliwanyonga wanaume 8, hata siku moja haijaisha tangu hukumu ya mwisho. Mwaka 2007 mahakama ilisema hawakuwa na hatia. Watu hao waliponyongwa, Wajapani walikuwa wameshaondoka karibu miaka 30.

Nilimfasiria rafiki yangu habari hiyo pia, kwa sauti ya chini.