Uzembe, Ghafla na Kupitiwa: Maneno ya Kukosa Uangalifu

Anayefundisha Kiswahili Bweyeye, katika wilaya ya Rusizi (Cyangugu ya zamani), hana budi kujibu swali moja ambalo kamusi zetu hulipita haraka: neno la Kinyarwanda uburangare tulitafsiri vipi? Wengi wetu hujibu "uzembe" na kuendelea na somo. Katika makala haya tunaeleza kwa nini jibu hilo halitutoshi.

Uburangare hutokana na kitenzi kurangara, yaani macho na mawazo kwenda kwingine wakati yanahitajika hapa. Mvivu ana jina lake, umunebwe. Kwa hiyo Kinyarwanda hutenga jicho lililopotea na mwili usiotaka kazi. Uzembe wa Kiswahili huyabeba yote mawili, na ndipo tatizo linapoanzia.

Tuchukue mfano wa hapo hapo. Bweyeye iko ukingoni mwa msitu wa Nyungwe, ikipakana na Burundi. Wakati wa ukame wa mwaka 1997 mioto iliteketeza sehemu kubwa ya msitu huo, na warina asali walitajwa miongoni mwa walioisababisha. Mrina asali hutumia moshi kufukuza nyuki, na cheche moja ikianguka penye majani makavu huwa imetosha. Palipoungua, kangaga lilitawala kwa miaka mingi na kuzuia miti isirudi. Hasara ni kubwa, hatubishi. Lakini mtu anayepanda mti mrefu msituni kutafuta asali ni mvivu? Tukimwita mzembe tumemwongezea kosa ambalo hakulitenda.

Kiswahili kilikuwa na maneno ya kutusaidia, ila mengine yamehama. Ghafla asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni hali ya kutotambua, kusahau lililo mbele yako. Kwetu sisi ghafla imekuwa namna ya tukio kutokea. Ukifikiri kidogo utaona njia iliyopitiwa: asiyeangalia, kila jambo humjia bila taarifa. Maana ya kwanza imebaki katika kughafilika, kitenzi ambacho siku hizi husikika zaidi katika mawaidha kuliko sokoni. Purukushani nayo ilikuwa tabia ya kufanya jambo bila kulitia maanani, na kamusi bado zina kitenzi purukusha. Lakini msomaji wa magazeti ya Tanzania leo akiikuta purukushani, hutarajia askari na vijana wakivutana barabarani.

Uzembe wenyewe umepewa uzito na siasa. Katika Tanzania ya Ujamaa mzembe alikuwa mtu asiyezalisha, anayekula jasho la wenzake, na kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ililenga watu wa mijini walioonekana hawana kazi. Neno hilo hilo ndilo tunalolikuta katika habari za ajali: "uzembe wa dereva". Dereva huyo huenda amekesha usukani siku mbili bila kupumzika! Kenya hupenda kusema utepetevu, hasa kwa maafisa wa serikali, ilhali kwa Mtanzania mtepetevu ni mtu aliyelegea tu, labda hata ni mgonjwa.

Jambo hili si la darasani pekee. Februari 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya nne nchini, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Barua, taarifa na mashauri yatazidi kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, na mtafsiri anayeandika "uzembe" kila anapoona uburangare atakuwa anatoa hukumu kabla ya hakimu.

Sisi tunaona kwamba neno lililo karibu zaidi na kurangara limo katika mazungumzo ya kila siku: kupitiwa. "Samahani, nilipitiwa." Msemaji anakiri kuwa jambo limeharibika, lakini umbo la kutendwa linaonyesha kwamba kuna kitu kilimpita, usingizi, mawazo, au shetani kama wasemavyo wengine. Kasoro yake ni kwamba ni jepesi mno kwa nyaraka, na tena lina harufu ya kujitetea: aliyeunguza hekta kadhaa za msitu akisema alipitiwa, tutamkunjia uso. Kwa maandishi rasmi tunapendelea "kutokuwa makini" au "kukosa uangalifu", na kupuuza tukiweke kwa yule aliyeonywa akaendelea. Kulipua kazi ni jambo jingine tena, maana mlipuaji anajua vizuri anachofanya.

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi sentensi moja, "Moto ulitoka mikononi mwake kwa ...", wakajaza nafasi hiyo kwa maneno haya moja baada ya jingine, kisha waseme kila mara mtu huyo anastahili adhabu gani.