Dakika ya 22, Gelsenkirchen

Fungua rekodi za Kombe la Dunia la 1974, tafuta mechi ya Zaire na Yugoslavia ya tarehe 18 Juni, na utakuta kwamba Ndaye Mulamba alipewa kadi nyekundu dakika ya 22. Ni kweli alitolewa. Si kweli kwamba alikosa. Aliyempiga mwamuzi teke ni mwenzake wa timu, Mwepu Ilunga, naye mwenyewe alikiri. Zaidi ya miaka 50 imepita na kosa bado limeandikwa kwa jina la mtu mwingine.

Hapa Bukavu, katika Kongo iliyoitwa Zaire wakati ule, ukitaja 1974 mbele ya watu wazima, kinachowajia kwanza ni mabao tisa kwa bila tuliyofungwa katika mechi hiyo. Aibu ile imefunika mengine yote. Ndiyo maana nimeona niifuate upya njia ya mtu huyu mmoja, nikianzia Cairo, mahali ambapo hesabu ilikuwa sahihi.

Machi 1974, kwenye Kombe la Afrika, Mulamba aliifunga Guinea mabao mawili, Mauritius moja, na wenyeji Misri mawili katika nusu fainali. Fainali dhidi ya Zambia ikaisha 2-2, na mabao yote mawili ya Zaire yakawa yake. Mechi ikarudiwa siku mbili baadaye, Zaire ikashinda 2-0. Yote mawili yake tena. Jumla ni mabao tisa katika shindano moja, na hadi leo hakuna Mwafrika aliyeifikia hesabu hiyo. Mashabiki walimpa jina la Mutumbula.

Lakini hata rekodi hiyo ya heshima haikubaliani na rekodi nyingine juu ya jina lake. Huku ameandikwa Ndaye Mulamba, kule Mulamba Ndaye, kwingine N'Daye. Majina ya Kikristo yalipopigwa marufuku mwaka 1972, jina lake la Pierre likaondolewa kwenye karatasi. Mwepu Ilunga naye anageuzwa kuwa Ilunga Mwepu kulingana na nani anaandika. Sisi wa mji uliokuwa ukiitwa Costermansville hadi miaka ya 1950 tunajua shida inayompata mtafutaji wa nyaraka anapokutana na kitu kimoja chenye majina mawili.

Sasa tufike Gelsenkirchen. Yugoslavia walifunga dakika ya 8, ya 14 na ya 18. Kocha wa Zaire, Blagoje Vidinić, ambaye mwenyewe alikuwa Myugoslavia, akamtoa kipa Kazadi Mwamba na kumwingiza Tubilandu Ndimbi. Tubilandu hajakaa sawa golini, Katalinski akafunga la nne. Wachezaji wa Zaire wakamzunguka mwamuzi Omar Delgado wa Colombia wakilalamika kwamba ni kuotea, na katika msongamano huo Mwepu akampiga teke kwa nyuma. Delgado akageuka, akamwonyesha kadi Mulamba. Mwepu alikuwa beki na alivaa jezi namba 2. Mulamba alikuwa mshambuliaji, namba 13. Namba hizo hazifanani hata kwa mtu aliye mbali, na Delgado alikuwa hatua chache tu. Mulamba alikana, haikusaidia kitu.

Siku nne baadaye Zaire walicheza na Brazil, na hapo ndipo kosa la karatasi lilipozaa kosa la pili. Mfungaji bora wa Afrika hakucheza. Mwepu alicheza. Mwamuzi alipotoa mpira wa adhabu kwa Brazil, Mwepu akachomoka kwenye ukuta na kuubutua mpira mbali kabla Wabrazil hawajaupiga, akapewa kadi ya njano. Picha ile imezunguka dunia nzima, ikichekwa kana kwamba Wakongo hawakujua sheria za mpira. Kama Delgado angeandika jina la kweli, Mwepu asingekuwa uwanjani siku ile. Kwangu hili ndilo zito zaidi katika kisa chote.

Na karatasi hazikumwacha Mulamba. Mwaka 1998, Kombe la Afrika likichezwa Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kwa heshima yake, kwa kuwa habari zilisema amekufa mgodini Angola. Alikuwa hai, Afrika Kusini, alikokimbilia mwaka 1996 akiikwepa vita. Alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019.

Kurekebisha kunawezekana. Uingereza, Machi 2014, Kieran Gibbs wa Arsenal alitolewa kwa kosa la mwenzake, Alex Oxlade-Chamberlain. Ndani ya siku chache chama cha soka kikakubali kwamba mtu amekosewa, na Gibbs hakufungiwa. Tangu 2018 sheria za mpira zinaruhusu video kutumika mwamuzi anapomwadhibu mtu asiye mkosaji. Katika hoki ya barafu ya vyuo vikuu vya Marekani, mwandishi rasmi wa mechi huweza kurudia picha na kubadilisha jina la mfungaji au mtoa pasi baada ya mchezo.

Hapa kwetu Bukavu pia suala ni hilohilo: uwanjani Concorde, komini ya Kadutu, OC Muungano wakikutana na Bukavu Dawa, karatasi ya mechi mara nyingi ndiyo shahidi pekee anayebaki. Leseni hulinganishwa na sura, namba na majina, manahodha wanatia sahihi, na mwisho mwamuzi anaandika mabao na kadi. Mji huu umetekwa Oktoba 1996, Agosti 1998, Juni 2004 na Februari 2025. Karatasi inayolala kwenye kabati moja tu haina uhakika wa kuiona kesho. Inafaa iwe na nakala, na jina liandikwe vilevile kila mara kama lilivyo kwenye leseni.

Kuhusu Mulamba, siombi mstari wake ufutwe, maana kweli alitoka uwanjani. Naomba iongezwe sentensi moja chini ya dakika ya 22: kosa lilikuwa la namba 2. Mwepu, aliyefariki mwaka 2015, alikwisha kusema ni yeye. Kwa karani wa FIFA kule Zurich hiyo ni kazi ya asubuhi moja.