Thiasetazoni: kidonge cha bei nafuu kilichozua ubishi

Hospitali ya Kibong'oto, kule Sanya Juu mkoani Kilimanjaro, inatimiza miaka 100 mwaka huu wa 2026. Ilianza kama mahali pa kuwatenga na kuwapumzisha wagonjwa wa kifua kikuu. Leo ni hospitali maalumu ya magonjwa ambukizi, na wengi wanaijua kwa sababu ya TB sugu. Miaka 100 ikitimia, hotuba huwa za majengo, vitanda na waganga wakuu waliopita. Haya nayaandika kutoka upande wa dirisha la dawa: kidonge gani kilitolewa, kwa nini hicho na si kingine, na nani aliyepiga hesabu. Katika ugonjwa huu Afrika Mashariki haikukaa tu kusubiri maarifa yaletwe na meli. Wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ni miongoni mwa watu walioufundisha ulimwengu kwamba TB inaweza kutibiwa kwa miezi sita badala ya mwaka na nusu.

Sehemu kubwa ya simulizi hili nimeitoa kwenye mapitio marefu yaliyochapishwa mwaka 1999 na Wallace Fox, Ellard na Denny Mitchison, wanasayansi wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wao wenyewe waliziendesha tafiti hizo, kwa hiyo msomaji asishangae kuona kazi yao inang'aa. Mahali walipopita haraka nimetazama ripoti nyingine.

Bei ilikuwamo tangu mwanzo. Streptomaisini iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Vita vilipokwisha Uingereza ilikuwa haina dola za kununua dawa ya kuwatosha wagonjwa wake wote. Uhaba huo ndio uliowapa watafiti ujasiri wa kugawa dawa kwa bahati nasibu: wagonjwa 55 wakapata sindano, 52 wakapata pumziko la kitandani tu, kama ilivyokuwa desturi. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 upande wa sindano na 14 upande wa pili. Ripoti ilitoka mwaka 1948, na hadi leo wanafunzi wa udaktari huisoma kama mfano wa utafiti uliofanywa sawasawa. Ila wagonjwa wengi wa sindano walipata usugu, na baada ya miaka michache nafuu ile ikawa karibu imefutika. Likabaki funzo moja, kwamba TB haitibiwi kwa dawa moja.

Dawa ya pili ilikuwa PAS, na ya tatu, isoniazidi, ikaingia mwaka 1952. Isoniazidi haikuwa na tatizo: ndogo, rahisi, yenye nguvu. Tatizo lilikuwa PAS. Mgonjwa alitakiwa kumeza gramu 10 au zaidi kila siku, yaani mafungu ya unga au vifuko vikubwa vya kumeza kwa maji mengi, siku baada ya siku, kwa mwaka na zaidi. Tumbo lilichafuka, kichefuchefu kikawa mwenzi wa kila asubuhi. Watu wakaanza kuzitupa dawa hizo. Watafiti wakajifunza kuwatembelea wagonjwa nyumbani bila taarifa, kuhesabu dawa zilizobaki na kupima mkojo kwa kemikali inayobadilika rangi ikikutana na PAS. Juu ya hayo, kwa bohari ya dawa ya koloni, na baadaye ya nchi changa iliyotoka tu kupata uhuru, PAS ilikuwa ghali na ilijaza makabati.

Hapo ndipo anapoingia mhusika wetu. Thiasetazoni ilitengenezwa Ujerumani na kundi la Gerhard Domagk, na baada ya vita Wajerumani kwa maelfu waliimeza. Wataalamu wa Marekani walikwenda kuitazama mwaka 1949, wakaona inadhuru ini na damu, wakaiweka kando. Wao walikuwa na uwezo wa kununua kitu kingine. Afrika Mashariki haikuwa na uwezo huo, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa hapa, wakishirikiana na Waingereza, waliirudia dawa iliyotupwa. Walijaribu vipimo mbalimbali hadi wakafikia miligramu 150 za thiasetazoni pamoja na miligramu 300 za isoniazidi, zote ndani ya kidonge kimoja, mara moja kwa siku. Kidonge hicho, ambacho wengi walikijua kwa jina la Thiazina, kiliponya sawa na isoniazidi iliyopewa pamoja na PAS, kwa sehemu ndogo ya bei yake. Ukiongeza sindano za streptomaisini katika wiki nane za mwanzo, matokeo yalikuwa mazuri zaidi.

Kulikuwa na jambo la ajabu. Uchunguzi uliofanywa nchi kadhaa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba maudhi ya thiasetazoni hayakuwa sawa kila mahali. Hong Kong na Singapore wagonjwa waliteseka sana. Afrika Mashariki kidogo. Kwa hiyo kidonge kikapata makao ya kudumu huku kwetu. Kwa miaka 30 hivi kilikuwa ndicho chakula cha kila siku cha kliniki za kifua.

Kazi iliyofuata ndiyo inayotajwa zaidi vitabuni, na hapa nitaipitia kwa ufupi. Mwaka 1970 Kituo cha Uchunguzi wa Kifua Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye makao Nairobi, pamoja na Waingereza, kilianza kujaribu tiba ya miezi sita. Wagonjwa wote wa tiba hiyo walipewa streptomaisini na isoniazidi kila siku. Tofauti ilikuwa dawa ya tatu. Waliopata rifampisini walirudiwa na ugonjwa asilimia 3 tu, waliopata pirazinamidi asilimia 8, waliopata thiasetazoni asilimia 22, na wasiopata ya tatu asilimia 29. Tiba ya kawaida ya miezi 18 ilikuwa na asilimia 3. Maana yake rifampisini ilikuwa imeokoa mwaka mzima wa kumeza dawa. Nairobi pia ndiko Amina Jindani na wenzake walikopima, kwa wagonjwa 124, jinsi kila dawa inavyoua vimelea katika siku za mwanzo, kwa kukusanya makohozi kila siku na kuhesabu vimelea vilivyobaki. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980. Mpaka leo dawa mpya ya TB ikifika kwa wagonjwa, hupitishwa kwanza kwenye kipimo cha aina hiyo. Sijui ni Wakenya wangapi waliofundishwa jambo hilo shuleni.

Lakini rifampisini ilikuwa ghali mno. Mkojo wa mgonjwa aliyeimeza hutoka na rangi ya chungwa, basi wauguzi hawakuhitaji kemikali kujua nani kameza. Ilitosha kutazama chombo. Bajeti ndiyo haikutosha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwaka huohuo Tanzania ikaanzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ikisaidiwa na Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia aliyepata TB mwenyewe akiwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa vita. Styblo na Watanzania walitafuta njia ya katikati: miezi miwili ya dawa kali, rifampisini ikiwamo, mgonjwa akimeza mbele ya muuguzi, mara nyingi akiwa amelazwa, kisha miezi sita nyumbani na kile kidonge cha zamani, thiasetazoni na isoniazidi. Rifampisini haikutoka nje ya macho ya hospitali. Walihofia bei, na walihofia zaidi usugu.

Sasa tufike kwenye ugomvi, maana mapitio ya wazee wale watatu yanaupita kwa heshima kupita kiasi.

Mwaka 1991 jarida la Lancet la London lilichapisha, kwa kupishana miezi kadhaa, ripoti mbili kutoka eneo letu. Moja ilikuwa ya hesabu. Christopher Murray, Styblo na wenzao, akiwamo Chum wa mpango wa Tanzania, walilinganisha gharama za tiba fupi na tiba ndefu katika Malawi, Msumbiji na Tanzania. Dawa za tiba fupi zilikuwa ghali zaidi dirishani, lakini kwa kila mgonjwa aliyepona, tiba fupi ilitoka rahisi, kwa sababu ilimponya anayetoroka mapema na haikumwacha arudi wodini. Gharama ya kuokoa mwaka mmoja wa maisha ilikuwa dola chache. Miaka miwili baadaye Benki ya Dunia iliitaja tiba hiyo kati ya matumizi bora kabisa ya fedha za afya. Ndani ya tiba hiyo ya bei nafuu, miezi sita ya mwisho, kilikuwamo kidonge chetu.

Ripoti ya pili ilitoka Nairobi. Paul Nunn na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa TB wakiwapima na virusi vya UKIMWI. Kati ya wasio na virusi, mgonjwa mmoja katika mia alipata madhara ya ngozi kutokana na thiasetazoni. Kati ya wenye virusi, alikuwa mmoja katika watano. Yalianza kama muwasho. Kwa baadhi yalifuatwa na malengelenge, midomo na macho kuchubuka, ngozi kuvuka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Wengine walikufa, na hawakufa kwa TB.

Fikiria kliniki ya wilaya ya wakati huo. Kipimo cha virusi hakipo, au kipo lakini majibu hayatolewi. Nusu ya foleni yaweza kuwa na virusi, hakuna anayejua ni nusu ipi. Makopo ya Thiazina yamejaa stoo. Ethambutoli, dawa ambayo ingeshika nafasi yake, inauzwa kwa bei ya juu mara kadhaa, tena inaogopwa kwa sababu inaweza kuathiri macho. Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wenye virusi wasipewe thiasetazoni. Ushauri mzuri, ukiwa unajua nani ana virusi.

Wataalamu wakagawanyika. Mwaka 1995 Ipuge, Rieder na Enarson walichapisha, katika Lancet hiyohiyo, matokeo ya kuchunguza madhara hayo ya ngozi kwa wagonjwa wa Tanzania. Mwaka uliofuata Elliott, aliyewahi kuwashughulikia wagonjwa wa Lusaka, na Foster waliandika katika jarida la kifua kikuu wakiuliza kama wakati haujafika wa kuisimamisha dawa hiyo barani Afrika. Rieder na Enarson, waliokuwa kwenye Umoja wa Kimataifa wa kupambana na TB wenye makao Paris, walijibu katika jarida lilelile, na kichwa cha jibu lao kilisema umefika wakati wa kusimamisha jazba katika kuitathmini thiasetazoni.

Ugomvi wote ulikuwa juu ya kitu gani kihesabiwe. Waliotaka dawa iondolewe walihesabu kitanda cha mgonjwa aliyevuka ngozi, dawa za kumtibu, muuguzi wa kumgeuza, na wagonjwa wengine ambao wakimwona hawarudi kliniki. Kidonge kinachokuwa nafuu dirishani na ghali wodini, si nafuu. Waliotaka kibaki walihesabu upande mwingine: fedha zikihamishiwa kwenye ethambutoli bila bajeti kuongezwa, kuna watakaokosa dawa kabisa, na TB isiyotibiwa inaua wengi kuliko vipele. Walisema afadhali mgonjwa afundishwe: ukiwashwa tu, acha kidonge, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Nikizisoma leo, naona pande zote mbili zilikuwa na haki katika hesabu zao. Kinachoniudhi ni kwamba katika kurasa hizo zote hakuna aliyehoji kwa sauti kubwa kwa nini bei ya ethambutoli ilibaki pale ilipokuwa, kana kwamba bei ni mvua, inanyesha inapopenda. Na sauti ya mgonjwa haipo kabisa. Tunajua umri wake, uzito wake, hali ya makohozi yake mwezi wa pili na wa tano. Alichosema mgonjwa pale muuguzi alipomwambia aache dawa iliyokuwa ikimponya, hakikuandikwa.

Kidonge kiliondoka kimyakimya. Bei za dawa nyingine zilishuka, misaada ikaja, na nchi moja baada ya nyingine ikaiacha thiasetazoni. Mwaka 2004 utafiti wa kimataifa ulioongozwa na Jindani na Nunn ukaonyesha kwamba hata mrithi wake, ethambutoli na isoniazidi kwa miezi sita ya mwisho, alikuwa dhaifu kuliko kutoa rifampisini tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho: matokeo mabaya yalikuwa asilimia 10 hadi 14 dhidi ya 5. Kwa hiyo ule utaratibu wa miezi sita uliojaribiwa hapa mwaka 1970 ulituchukua zaidi ya miaka 30 kuurudisha nyumbani, na sababu kubwa ilikuwa bei.

Kibong'oto ilianza kutibu TB sugu mwaka 2009. Wakati huo tiba ilichukua karibu miaka miwili, na sindano zake ziliwaacha wengine viziwi. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vitupu kwa miezi sita kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo. Ni hatua kubwa, na wanaofanya kazi Sanya Juu wana haki ya kujivunia. Ila ingefaa mwaka huu wa maadhimisho mtu apewe kazi ya kukusanya rejesta za zamani za dawa na kuwahoji wafamasia na wauguzi wastaafu ambao wangali hai, maana ripoti za London zimehifadhiwa vizuri, na zetu zimo kwenye maboksi ya stoo za hospitali, zikiliwa na mchwa. Dawa za TB zinatolewa bure Tanzania. Nauli ya kuzifuata bado mgonjwa anajilipia, na hesabu hiyo nayo inasubiri mtu wa kuiandika kwa kirefu.