Picha za kamera zikikataa kufunguka kwenye simu

Msikilizaji, kabla hujafuta picha yoyote ambayo simu yako inaikataa, soma hapa kwanza.

Baada ya harusi ya mdogo wangu hapa Maramba, mpiga picha alinihamishia picha zote kwenye memori kadi yangu, akapanda gari kurudi Tanga mjini. Usiku nikazifungua kwenye simu. Baadhi zilitoka vizuri. Nyingine zilionekana ndogo zenye ukungu, na programu ya kuhariri ikasema haizitambui. Nikajua kadi imeingia virusi, nikaanza kufuta. Kesho yake kijana wa duka la kuchapa picha akaniambia nizime simu haraka. Picha hazikuwa mbovu, zilikuwa mbichi.

Kamera kubwa huhifadhi picha kwa namna mbili. JPEG ni picha iliyokwisha kupikwa: kamera imeamua mwanga na rangi, ikaibana iwe nyepesi. RAW ni picha mbichi, yaani vyote ambavyo kamera ilivipokea kupitia lenzi. Ni kama muhogo. Ukiwa mbichi unaweza kuuchemsha au kuukaanga utakavyo, ila huwezi kuula hivyohivyo. Wapiga picha wanaipenda RAW kwa sababu uso uliofunikwa na kivuli cha turubai, au gauni jeupe lililopigwa na jua la saa saba, mara nyingi huokolewa. Gharama yake ni uzito: kamera ya megapikseli 24 inaweza kutoa RAW moja ya MB 25 au zaidi.

Shida inaanzia kwenye makampuni. Kila moja ina RAW yake, na utaitambua kwa herufi za mwisho za jina la faili. Canon ni CR2 au CR3, Nikon ni NEF, Sony ni ARW. Programu hufungua ile tu iliyofundishwa. CR3 ilianza mwaka 2018 na kamera ya Canon EOS M50, kwa hiyo programu ambayo haijasasishwa tangu kabla ya hapo haiwezi kuijua. Hata herufi zikifanana, NEF ya kamera mpya inaweza kukataliwa na programu iliyokuwa ikifungua NEF ya kamera ya zamani. Na kubadilisha jina la faili liishie na JPG hakusaidii kitu. Ndani ni ileile.

Mbona basi kwenye simu inaonekana kidogo? Ndani ya faili la RAW kamera huweka kipicha cha JPEG cha kutazamia tu. Simu inakuonyesha hicho, na programu inapotaka picha yenyewe ndipo inagoma.

Njia rahisi kuliko zote ni kumpigia mpiga picha akupe JPEG. Hahitaji hata kompyuta, maana kamera nyingi za Canon na Nikon zinaweza kugeuza RAW kuwa JPEG zenyewe. Mkipatana bei ya harusi, maulidi au mahafali ya vijana wa JKT, mwambie mapema aseti kamera ihifadhi zote mbili. RAW abaki nazo yeye, wewe chukua JPEG. Akikutumia kwa WhatsApp, azitume kama hati, kwani zikitumwa kama picha hubanwa na kupoteza ubora.

Ukitaka kuhariri mwenyewe, kuna DNG, RAW ya wote iliyoletwa na Adobe mwaka 2004. Mwenye kompyuta anaweza kugeuza CR2, NEF au ARW kuwa DNG kwa programu ya bure ya Adobe. Snapseed ya Android inafungua DNG. Lightroom ya simu inafungua RAW za kamera nyingi moja kwa moja, mradi uisasishe. Bando lake ni kubwa, lakini ni pungufu ya kupiga picha upya.

Kuna faili zilizoharibika kweli. Tazama ukubwa: kama wenzake wana MB 25 na hilo lina MB 3 au sifuri, huenda kunakili kulikatika njiani. Rudi kwenye kadi ya mpiga picha unakili tena, na usimruhusu aifute kabla hujahakiki.

Mimi nilikuwa nimefuta kama arobaini. Humo ilikuwamo picha ya bibi yetu akimkumbatia biharusi, na mpiga picha alishasafisha kadi yake kwa ajili ya kazi nyingine. Kadi yangu nayo niliendelea kurekodia mahojiano ya kipindi, na sauti zikakaa juu ya picha. Ukifuta kwa bahati mbaya, chomoa kadi palepale, usiandike chochote juu yake, umpelekee fundi. Programu za kurudisha faili hufanya kazi maadamu nafasi ile haijakaliwa na kitu kingine.