Stesheni ya Urakami

Mwaka 1984, nilipokuwa nikifundisha historia katika chuo cha ualimu, niliandika ubaoni: Nagasaki, 9 Agosti 1945, bomu la atomiki. Mwanachuo mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, majeruhi walipelekwa wapi?" Nikamjibu kwamba swali hilo halitoki katika mtihani. Darasa likacheka, naye akaketi. Jibu lake nilikuja kulipata nikiwa nimekwisha kustaafu, niliposoma habari za stesheni moja ya mtaani.

Stesheni hiyo ni Urakami, mjini Nagasaki, nchini Japani. Ilipofunguliwa mwaka 1897 ndiyo iliyoitwa Nagasaki, kwa kuwa reli ilikomea hapo. Mwaka 1905 reli ilifikishwa karibu na bandari. Jina likahamia stesheni mpya, na ile ya zamani ikachukua jina la bonde lake. Ikabaki kuwa stesheni ya watu wa mtaa. Jirani yake palikuwa na viwanda vya silaha, na pia chuo cha utabibu.

Bomu lililipuka saa 5:02 asubuhi, juu ya bonde hilo la Urakami wala si katikati ya mji. Stesheni, iliyokuwa umbali wa kilomita moja hivi, iliangamia, na treni kutoka kaskazini hazikuweza tena kuifikia. Hata hivyo, treni moja iliyokuwa safarini kuja Nagasaki ilisogezwa hadi karibu na eneo lililokuwa likiungua, ikapakia majeruhi, na mchana uleule ikarudi nao Isahaya. Nyingine zikafuata. Siku hiyo treni nne zilichukua watu wanaokadiriwa kufika 3,500, wakapelekwa Isahaya, Omura na kwingineko. Wengi hawakupona.

Stesheni ilijengwa upya, na tangu mwaka 2020 reli yake inapita juu, barabara zikiwa chini.

Nami nabaki na deni. Tarehe niliifundisha barabara, lakini wale niliowaandaa kuwa walimu sikuwaambia habari za watu walioendesha treni kuelekea kwenye moshi. Nao wamekwenda kufundisha watoto wetu kwa mfano wangu, kwamba historia huishia pale bomu linapolipuka. Laiti ningeweza kurudi darasani siku ile, ningeiweka chaki chini na kumwambia, "Binti yangu, simama uulize tena."